Vikombe vya Biryogo

Kwa nini mwanamke anayeona vizuri aandike barua kusema kwamba haoni tena tundu la sindano?

Swali hilo nilirudi nalo kutoka Kigali miaka ya sabini, na jibu nililojipa lilikuwa la haraka: kwa sababu ni mwongo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, na majibu ya haraka niliyaona kuwa ndiyo akili.

Barua yenyewe ilimfikia mama yangu Tabora, nikiwa nyumbani nasubiri kupangiwa kazi. Iliandikwa na dada yake, mama yangu mkubwa, fundi cherehani wa Biryogo. Biryogo ni mtaa wa Waislamu wa Kigali, na wote wawili walizaliwa pale, na baba aliyetoka pwani na mizigo ya vitambaa na asirudi tena kwao. Mama mkubwa aliandika kwamba tangu mume wake afariki hana mtu. Watoto Mungu hakumpa. Nyumba ina vyumba vitatu na yeye yumo peke yake, na macho yamemwisha, hata kutunga uzi hawezi. Aliomba nipelekwe mimi. Si kumtembelea, bali kuhamia. Nyumba na cherehani vingekuwa vyangu baada yake.

Mama aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mkeka.

"Nenda ukapaone," alisema. "Kaa wiki tatu. Usipopapenda, rudi."

Mama yangu aliyekuwa na maelezo kuhusu kila kitu, hata namna ya kukata kitunguu, siku hiyo hakuwa na maelezo. Nilifikiri hatimaye ameanza kuheshimu elimu yangu.

Nilisafiri na baba mdogo, binamu wa marehemu baba, aliyekuwa na lori la khanga na dagaa. Tulipita Nzega, Kahama, Ngara, tukavuka Rusumo, na kutoka pale ikawa milima. Mlima, bonde, mlima. Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini nilipomuuliza habari za mama mkubwa alijibu, "Utamwona mwenyewe," akaendelea kuulalamikia mpira wa gurudumu la nyuma.

Kigali ilinichekesha kwanza, kisha ikanichefua. Nchi ilikuwa na uhuru wa zaidi ya miaka kumi na huo ndio ulikuwa mji wake mkuu, nao ungeweza kuuzunguka wote kwa miguu kati ya adhuhuri na alasiri. Juu, Kiyovu, palikuwa na nyumba za mawe zenye bustani, magari ya mabalozi na lami. Huku kwetu Biryogo lami iliishia kama mtu aliyekatishwa maneno. Mfereji ulipita katikati ya njia, na ndani yake kila nyumba ilimwaga ilichokuwa nacho: maji ya mchele, maji ya kufulia, damu ya buchani. Mtu wa bucha alikuwa jirani wa ukuta mmoja na mama mkubwa. Vichwa vya mbuzi alivipanga kwenye meza vikiangalia njia, na nzi walitoka kwenye macho ya mbuzi wakaja moja kwa moja kwenye andazi lako.

Mama mkubwa alitoka kunipokea akiwa na futi ya kitambaa shingoni. Alikuwa mrefu kuliko mama, mweusi, na mikono yake ilikuwa na ngozi ngumu kwenye ncha za vidole.

"Karibu, mwanangu. Nyumba iko yako."

Alituketisha, akaleta chai ya maziwa, na hapo ndipo nilipoiona mara ya kwanza. Aliinua kikombe changu, akanywa funda moja, akalimeza huku akiniangalia, kisha akanipa. Pale alipoweka mdomo palikuwa pamelowa. Akainua kikombe cha baba mdogo, akafanya vile vile.

"Mimi nimekunywa njiani, shemeji," alisema baba mdogo akisimama. "Mzigo unaningoja." Akaenda zake, na kikombe chake kikabaki kinatoa mvuke.

Nilikijua kisa cha desturi hiyo, kwa sababu mama alikuwa akinisimulia. Kule Rwanda mwenye nyumba huonja kwanza kinywaji cha mgeni, ili mgeni ajue hakikutiwa sumu. Wenyeji walifanya hivyo kwa pombe ya mtama na ya ndizi. Waislamu, wasiokunywa pombe, waliifuata kwa chai, kwa uji, hata kwa maji. Mama aliponisimulia Tabora, nilipokuwa mtoto, ilikuwa hadithi nzuri. Kuiona ikiwa na mate ni jambo lingine. Nilikigeuza kikombe, nikanywa upande wa mkono, nikiwaza: mji gani huu, ambao mtu hawezi kukupa chai mpaka athibitishe kwamba hakuui?

Lakini haikuwa chai peke yake. Kila kilichonifikia katika nyumba ile kilipita kwanza kinywani mwa mama mkubwa. Mchuzi aliuonja kwenye kiganja, akalamba kiganja, na kwa kiganja hicho hicho akanimegea ugali. Papai alilimega kwa meno. Dawa ya mafua aliinywa kijiko kimoja yeye mzima, ndipo akanipa mimi mgonjwa kijiko kile kile bila kukisuuza.

Na uzi. Cherehani yake ilikuwa sebuleni, mbele ya dirisha linaloangalia njia. Alikuwa na kiti chake na mimi akanipa kigoda pembeni. Kila uzi ulipokatika aliutoa, akauweka ncha ulimini, akausokota kwa midomo mpaka ukawa mkali, kisha akanikabidhi.

"Tunga, mwanangu. Macho iko mbovu."

Nikautunga ule uzi uliolowa mate ya mama mkubwa, mara kumi, mara ishirini kwa siku. Baada ya kila mara nilipangusa vidole kwenye sketi. Aliniona nikipangusa.

Wateja hawakuwa wengi, na waliokuja niliwaona wa ajabu. Walisimama nje dirishani, wakapitisha kitambaa, wakapimwa pale pale barabarani, mikono juu kama watu waliokamatwa. Mama mkubwa aliwaambia "Karibu ndani, chai iko tayari," nao wakajibu wana haraka. Kisha nikawaona watu hao hao wamekaa robo saa kwa mwenye bucha, wanakunywa chai na kucheka. Nilimuuliza kwa nini hawaingii.

"Watu wa mji," alisema. "Haraka iko mingi."

Nikaongeza hilo kwenye hesabu yangu ya maovu ya Kigali: mji mdogo wenye haraka ya bure.

Mke wa mwenye bucha alikuwa mwenyeji wa mlimani aliyeolewa kwa Waislamu, mwanamke mnene, mwenye sauti, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinyarwanda ndani. Kila asubuhi alinikuta bombani.

"Mwana wa Dar, umerara salama?"

"Nimelala salama, mama."

"Tumbo iko sawa?"

"Iko sawa."

"Haikukata? Hata kidogo?" Na aliniangalia kuanzia usoni kushuka chini, kama anayemkagua mbuzi. "Mungu iko mkubwa," alisema, akaondoka na ndoo yake.

Nilifikiri anazungumzia maji. Nikaanza kuchemsha maji yangu mwenyewe.

Wiki ya pili nilikwenda Kiyovu kutafuta kazi, maana nilikuwa nimejiambia kwamba sitahamia mji wowote ili nitunge nyuzi tu. Palikuwa na ofisi moja ya kusafirisha mizigo, na bidhaa nyingi za nchi ile zilipita bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo walihitaji mtu wa kuandika barua kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwenye ofisi alikuwa kijana wa tai nyembamba aliyesoma Ulaya. Alizisoma karatasi zangu, akafurahi, akaniuliza nimefikia wapi.

"Biryogo."

"Ah," alisema. "Wewe ni Mswahili."

Alilisema neno hilo kama mtu anavyosema una upele. Kwao Mswahili hakuwa mtu wa lugha au wa dini. Alikuwa mjanja, mlaghai, mtu wa kuhesabiwa vijiko baada ya kuondoka. Hata hivyo kazi alinipa. Ningeanza mwezi unaofuata, mradi nipate karatasi ya ruhusa ya kukaa mjini, na karatasi hiyo ilihitaji mwenyeji mwenye nyumba wa kunidhamini. Mwenyeji huyo alikuwa mama mkubwa. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: nikikubali, nitakuwa na kazi yenye mshahara mzuri, nyumba ya vyumba vitatu, na mwanamke mzee wa kuishi naye mpaka mmoja wetu afe. Nikikataa, yeye atabaki peke yake na cherehani yake. Hakuna mwingine wa kuitwa. Mama alikuwa amezaa mtoto mmoja, mimi.

Nilishuka kutoka Kiyovu nikichukizwa na yule kijana, na nilipofika chini nikachukizwa na mfereji, na nilipoingia ndani nikachukizwa na kikombe kilichokuwa kinaningoja mezani, kimefunikwa na kisosi, na funda moja limepungua.

Nitakuwa mkweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya: nilikuwa karibu kukubali. Mshahara ulinivuta. Hata mama mkubwa nilikuwa nimeanza kumzoea. Alikuwa na mzaha wa chini chini. Siku moja mteja wa dirishani alipolalamika kwamba gauni limembana, alimjibu, "Gauni haijabadilika, mama, iko vile vile ulivyopima," na uso wake haukutikisika. Jioni alinisimulia walivyokuwa wakiiba sukari na mama yangu, na nikamwona mama yangu akiwa mtoto mwizi, jambo lililonipa raha kubwa. Nilisema moyoni, mate ni mate tu. Nitanunua kikombe changu na kukificha.

Kisha akaanza maandalizi ya dua.

Ilikuwa miaka miwili imetimia tangu mume wake afariki, akataka kumsomea. Hakuita wanaume, alitaka wanawake wa mtaa, Yasini, na kinywaji. Kwa siku mbili alivaa khanga zake mpya akaenda nyumba kwa nyumba kualika, jambo ambalo kwetu Tabora hutumwa mtu. Alirudi amechoka, anasema, "Saba wamekubali." Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda kesi. Asubuhi moja tulikwenda kwa miguu mpaka Kimironko, ambako wakati ule kulikuwa mashamba tu ya mtama na migomba, kwa mkulima aliyemfahamu. Alichagua mtama punje kwa punje, akabeba mwenyewe kichwani, akakataa nimsaidie. Nyumbani aliuotesha, akausaga, akapika ubushera, kinywaji cha mtama kisicholevya, kizito, chachu kidogo, rangi ya tope. Kisha akafungua kabati la vioo.

Ndani yake mlikuwa na vikombe vya kauri, dazeni nzima, vyeupe vyenye mstari wa dhahabu. Vumbi lilikuwa limelala ndani yake nene kiasi kwamba nilipokipuliza kimoja nilipiga chafya.

"Mama mkubwa, vikombe hivi havitumiki?"

"Vinangoja wageni," alisema. Akaviosha vyote yeye mwenyewe, mara tatu, na maji ya moto.

Siku ya dua, saa tatu asubuhi, nilitoka bombani na ndoo, nikapitia uani badala ya mlango wa mbele. Mama mkubwa alikuwa sebuleni anamalizia kushona upindo wa kanzu aliyotaka kuvaa. Hakunisikia. Uzi ukakatika. Aliuvuta, akaulamba, akainua mkono mmoja, na akautumbukiza kwenye tundu la sindano mara moja, bila kuinama, bila kukunja uso, huku jicho moja likiangalia njia. Akaendelea kukanyaga.

Nilisimama na ndoo mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku kumi na saba. Siku kumi na saba nimekaa kwenye kigoda natunga uzi wenye mate ya mtu anayeona kuliko mimi. Nimetolewa Tabora kwa uongo, nimepandishwa lori siku nne kwa uongo. Ni nini alichotaka kwangu? Mtumishi wa bure? Mtu wa kumtawala? Sikumuuliza. Mimi niliyejisifu kwamba nauliza kila kitu, kitu hicho kimoja sikukiuliza. Niliweka ndoo chini, nikaingia chumbani, na chuki ikanipanda taratibu kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria.

Alasiri walikuja, saba kweli. Mke wa mwenye bucha alikuwa mbele. Walikaa kwenye mikeka karibu na mlango, wote upande mmoja, ingawa nafasi ilikuwepo kote. Bibi mmoja mwenye sauti nyembamba aliongoza Yasini, tukaomba dua, tukafuta nyuso. Baada ya hapo mke wa mwenye bucha akanigeukia mimi.

"Mwana wa Dar, kule chuo wanafundisha nini?"

"Kuuliza maswali, mama."

"Uliuliza mume iko wapi?"

Wakacheka. Hata mama mkubwa alicheka, akiwa amesimama na mtungi mikononi.

"Alisema hajui," nilijibu.

"Mwalimu gani hajui hiyo? Kuja Biryogo, tutakufundisha bure."

Wakacheka tena, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona wanawake wa mtaa ule wamelegea mabega ndani ya nyumba ile. Mama mkubwa akaanza kumimina. Alijaza vikombe vinane kwenye sinia, akaliweka katikati. Kisha akachukua kimoja, akasema bismillahi kwa sauti, akanywa. Hakunywa funda moja. Alikunywa mafunda matatu, koo lake likipanda na kushuka, na kila mtu aliliangalia koo lile. Akafuta mdomo, akanyoosha mkono, akanipa mimi.

"Mgeni wangu kwanza," alisema. "Mjukuu wa tumbo la mama yangu."

Kikombe kilikuwa na alama ya mdomo wake, utando wa ubushera kwenye mstari wa dhahabu, na mate yanang'aa. Macho yote yalikuwa kwangu. Niliyaona macho hayo nikayaelewa vibaya. Nilidhani wanangoja kumwona msomi akinywa kienyeji, wapate la kucheka. Nikamwangalia mama mkubwa usoni, nikaona macho yale mazima, yanayoona tundu la sindano kutoka mbali, yananitazama bila aibu.

Nikakiweka kikombe chini, juu ya mkeka.

"Asante, mama mkubwa," nilisema. "Mimi sinywi. Nitachota maji yangu mwenyewe niliyoyachemsha."

Nikainuka, nikaenda jikoni, nikachota maji yangu, nikarudi nayo nikinywa. Nilijiona shujaa. Nilijiona nimesema kwa niaba ya sayansi.

Hakuna aliyekuwa ameshika kikombe. Bibi wa Yasini alikuwa anaufunga msahafu wake kwenye kitambaa. Mwingine alikumbuka maharage aliyoyaacha motoni. Mwingine hakutoa sababu. Walipita mlangoni wakivaa ndala bila kuangaliana, wakasema "Mungu amrehemu marehemu" kwa sauti ya chini. Mke wa mwenye bucha alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yangu, akaniwekea mkono begani.

"Msomi iko na akili," alisema, na akamwangalia mama mkubwa. "Ameona mbali."

Ndani ya dakika chache tulibaki wawili na sinia.

Nilingoja anigombeze. Nilikuwa na jibu tayari kuhusu sindano. Lakini mama mkubwa alilibeba sinia mpaka mlangoni, akauacha mlango wazi, akaketi kizingitini, uso ukiangalia njia, akaanza kunywa. Alianza na kikombe changu. Alipokimaliza akakigeuza juu chini kwenye sinia, akachukua cha pili. Watu walikuwa wanapita, na mwenye bucha alikuwa mezani kwake na kisu mkononi. Alikunywa kikombe cha tatu, cha nne. Ubushera ni mzito, vikombe viwili hukushibisha mpaka kesho. Cha sita kilimtoka kidogo puani, akajifuta kwa khanga mpya, akaendelea. Alivinywa vyote vinane, na vyote akavigeuza.

Mimi nilisimama nyuma yake. Nilidhani ananikomoa. Nilidhani huo ni ubahili wa mtu asiyetaka kumwaga mtama wake. Nilikwenda uani nikatapika maji yangu masafi.

Siku tatu zilizobaki tulizungumza kwa heshima, kama watu wa hotelini. Dirishani hakuja mteja. Uzi alitunga mwenyewe, mbele yangu, bila maelezo. Siku moja kabla ya lori aliniuliza.

"Umeamua?"

"Nimeamua, mama mkubwa. Sitahamia."

"Sababu ya kikombe?"

Nikampa hotuba yangu. Nilimwambia kwamba siwezi kuishi katika mji ambao watu wanatiliana shaka hadi chai iwe na shahidi. Nilisema mahali ambapo lazima uonje mbele ya mwenzako ili akuamini, imani haipo, ipo hofu tu iliyopewa jina la adabu. Nilisema mengi. Alinisikiliza akichomoa pini moja moja kutoka kwenye kitambaa na kuzishika kwa midomo, mpaka zikawa safu.

Alipozitoa akasema, "Na huko kwenu, mtu akisemwa vibaya, anajitetea na nini?"

"Anakwenda kwa wakubwa wa mtaa. Anakwenda polisi. Kuna sheria."

"Haya," alisema. "Iko vizuri."

Asubuhi alinifungia mandazi kwenye karatasi. Alichukua moja mkononi, akalileta karibu na mdomo, akasita, akalirudisha zima ndani ya karatasi. Akafunga kwa uzi.

Lori lilipopita Remera, ambako nyumba zilikuwa zinaanza kuwa chache, nilimwambia baba mdogo kwamba nimekataa.

"Afadhali," alisema, akaongeza mwendo. Kwenye daraja la Rusumo mandazi nilimpa utingo wake. Baba mdogo aliyaona, akamnyang'anya, akayatupa mtoni. Nikamcheka kwa uchafu wa mawazo yake. Sikumuuliza pia.

Tabora, mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza habari za mate, sindano na vikombe, nikaigiza na koo la mama mkubwa, nikitegemea acheke. Aliniuliza swali moja tu.

"Wageni walikunywa?"

"Wageni gani?"

"Wale saba."

"Hapana. Waliondoka."

Aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, na moto haukuwashwa.

Nimeishi miji minne tangu wakati ule. Nimepanga nyumba nzuri na mbaya, na katika yote nimekuwa na kikombe changu mwenyewe ambacho hakuna mtu mwingine anayekigusa. Kuna kipindi nilijivunia jambo hilo.

Miaka kumi na minne baadaye zikaja salamu kutoka Rwanda kwamba mama mkubwa amefariki. Hakufia Biryogo. Tulijulishwa kwamba nyumba aliiuza kwa jirani yake mwenye bucha miezi michache baada ya mimi kuondoka, akahamia pembezoni mwa Remera, mahali ambapo hakuna aliyemjua, na huko alishona mpaka siku za mwisho, bila miwani. Nilikwenda Tabora kukaa na mama matanga. Siku ya tatu aliinua mkeka, akatoa barua mbili. Moja niliikumbuka. Ya pili ilikuwa imefika pamoja na ile ya kwanza, ndani ya bahasha moja, na juu yake palikuwa pameandikwa: asioneshwe mtoto, maana akinywa kwa kuagizwa haitakuwa ushahidi.

Mama alinisomea yeye, kwa sababu mimi sikuweza. Mume wa mama mkubwa alikufa ghafla, baada ya chakula cha jioni, na kabla hajazikwa mtaa ulikuwa umesema ni mkewe. Kuanzia siku ya mazishi mpaka alasiri ile ya dua, miaka miwili, hakuna mtu wa Biryogo aliyekubali kikombe kutoka mkononi mwake, na wanawake wa mtaa walikuwa wameahidi kwamba watakunywa, endapo atakunywa kwanza, mbele yao, mtu wa damu yake.